Mtoto wa Jirani

Jumatano, 6 Machi
Wageni wanakuja Jumamosi — wazazi wa mchumba wa binti yangu. Mapazia nimefua, viti nimeazima. Kila kitu kiko sawa isipokuwa mdogo wangu.

Nimeandika kweli! Haya, nijisute vizuri.

Mtu mzima wa miaka thelathini na moja, akili inakwenda taratibu, na tangu mama afariki anakaa nami. Kwenye kituo cha watu kama yeye, anakoshinda mchana, wanamwita Mkurugenzi: asubuhi hapiti mtu getini bila kupewa mkono. Wamemfundisha kuvuka barabara, kupiga pasi, kuchemsha chai. Mimi nilimkataza hata kugusa kiberiti.

Naogopa nini? Watasema ukoo huu una kitu. Wajukuu watatokaje? Maneno yana miguu.

Alhamisi, 7 Machi
Kituoni kuna vyumba vya kulala, kwa familia zinazohitaji kupumua kidogo. Nimemwambia mlezi wake mgongo unaniua, namwomba amlaze huko hadi Jumapili. Akanishika bega. Pole dada, pumzika, wala usijione mbaya, ndiyo kazi yetu.

Mgongo wangu mzima kabisa.

Ijumaa, 8 Machi
Nimempeleka. Begini katia shati la bluu, kalipiga pasi mwenyewe. La wageni, anasema. Kumbe alitusikia! "Wageni wangapi, dada?" Nikasema hakuna wageni. Akacheka sana, akidhani namtania.

Jioni binti akauliza mjomba yuko wapi. Nikasema kituoni wana shughuli yao. Kesho wageni wasimkute? akashangaa. Nikajitia kuosha vyombo.

Jumamosi, 9 Machi
Niandike yote.

Watu wazuri, jamani. Mama wa kijana ni mcheshi, anacheka hadi machozi. Simu nilizima, nisisumbuliwe. Tuko katikati ya kula — hodi! Mlezi mlangoni, na mdogo wangu kando yake, shati la bluu, vifungo hadi shingoni. Bomba limepasuka kituoni, vyumba vimejaa maji, wamenipigia weee, sipatikani.

Yeye hakungoja maelezo. Akaingia, akazunguka meza, kila mtu mkono. "Karibuni sana. Karibuni kwetu." Mama wa kijana akampokea kwa mikono miwili. Kisha akanigeukia, kwa upole tu: "Na huyu ni nani wetu?"

Ningependa kuandika kwamba ulimi uliteleza. Haukuteleza.

"Mtoto wa jirani," nikasema.

Mlezi akatazama viatu vyake. Binti akaitua trei mezani, polepole. Na mdogo wangu akanikodolea macho, anatafuta utani usoni mwangu. Hakuuona. Basi akaitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia kituoni akipewa kazi mpya, akawaambia wageni: "Ndiyo. Mimi wa jirani."

Mlezi aliaga bila kuniangalia. Hata kuuliza mgongo hakuuliza.

Chakula kilichobaki sijui kilikuwa na ladha gani. Walipotoka, binti akawasindikiza hadi garini, akakawia. Nilichungulia dirishani: anaongea, na mama wa kijana kamshika mkono, hacheki. Sikusikia neno. Lakini mwanangu namjua.

Aliporudi akanipita, akaanza kukusanya vyombo. Afadhali angenitukana.

Na mdogo wangu? Kavaa viatu, begi begani, kasimama mlangoni. Akaniuliza kwa adabu, kama mtu asiyetaka kusumbua: "Jirani yupi? Wa huku au wa kule?"

Nikamwambia subiri. Nikakimbilia chumbani, nikajifungia na kalamu. Mwoga!

Namsikia binti sebuleni. Kaa basi, Mjomba, vua viatu, hapa ni kwako. Anambembeleza, sauti inamkatika.

Hakai. Anasema mwenye nyumba bado hajamkaribisha.