Hatamu Ndogo ya Farasi wa Baba

Jumamosi. Mvua imeanza alfajiri na haina dalili ya kukatika. Mlima Meru hatujauona tangu juzi, na hapa Sombetini barabara yetu ni tope tupu, watu wanapita wamekunja suruali hadi magotini. Nimeandika sentensi hizi na tayari nimeshanyanyuka kwenda kuchungulia mlangoni. Sijui natafuta nini huko nje.

Leo sijatulia. Wacha niseme hivyo hivyo, maana nisipoyasema hapa nitamsimulia jirani, na yeye ameshanichoka.

Nimepiga deki sakafu iliyokuwa safi. Nimeinjika chai, nikaisahau, ikapoa, nikaipasha, nikaisahau tena. Nimepanga nyuzi zangu kwa rangi, nikazivuruga, nikazipanga kwa unene. Kila nikikaa mezani mkono unakwenda wenyewe kwenye msumari ukutani, unashusha mkasi kwa ule mkanda wake wa kuning'inizia, unaushika kidogo, unaurudisha. Hapa mezani kuna kitu kimoja tu cha kukata, na siwezi kukikata.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi nawavalisha wanyama wa kuchezea. Ndiyo, ni kazi. Natengeneza matandiko na hatamu za farasi wa plastiki, kamba za ng'ombe wa mbao, na sogi za punda, ile mifuko miwili ya ngozi inayokaa mgongoni, sawasawa na ya punda wanaoshuka Ngaramtoni siku ya soko, ila zangu ni za punda wa kukaa kiganjani. Wapo watu wazima, wengi wa nje, wanaokusanya farasi wadogo na wanataka kila kifungo kifunguke kweli. Wapo pia wazazi wa hapa hapa mjini. Mama Glory, huyo jirani yangu, husuka watu nywele barazani kwake na huwatangazia wateja kwamba mimi ni fundi nguo wa ng'ombe wasiokula majani. Wakicheka na mimi nacheka.

Farasi aliyeko mezani leo si wa mteja. Ni wa baba yangu.

Baba alikuwa mtunza farasi kwenye shamba moja karibu na Momela, wageni walikuwa wakija kupanda na kwenda kuangalia twiga. Farasi walikuwa wengi ila wake alikuwa mmoja, dume la rangi ya kahawa iliyokaangwa. Sisi ni Wameru, kahawa ndiyo iliyotusomesha, basi akamwita Kahawa. Mwenye shamba alikuwa na jina lake jingine la kizungu, lakini farasi mwenyewe aliitika la Baba. Kahawa alizeeka, akafa, na Baba alipostaafu akapewa hatamu yake ya zizini, ile ya mikanda mitupu isiyo na chuma cha mdomoni. Mpaka wiki iliyopita ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango wa chumba chake kule kijijini. Mama anasema kila asubuhi alikuwa anaishika kwanza ndipo avae kandambili.

Sasa macho. Daktari anaiita presha ya macho. Jicho la kulia limeshakwenda. La kushoto linaona mchana, kitu kikiwa karibu, kukiwa na mwanga mzuri. Jumatatu anafanyiwa upasuaji, na daktari alituambia bila kuzunguka: upasuaji ni wa kulinda kilichobaki, kilichopotea hakirudi, na wakati mwingine hata kilichobaki hakisalimiki. Baba aliitikia tu. Tulipotoka nje akaniambia, "Yule farasi wako mdogo, nataka nimwone amevaa. Kabla ya Jumatatu."

Baba yangu hajawahi kuniomba kitu.

Farasi huyo mdogo nilikuwa nimempata kwenye gunia la midoli ya mitumba pale Mbauda, mweupe, mguu umechubuka. Nilimpaka rangi mpaka akawa Kahawa, na doa jeupe juu ya pua. Hatamu niliishona kwa ngozi ya mwanambuzi kutoka Ngaramtoni, laini, nikaipaka rangi ya viatu, nikajiona fundi. Wiki iliyopita nikampelekea Baba. Akamsogeza karibu na jicho, akamgeuza, akamnusa.

"Ananuka mbuzi," akasema. Halafu akapapasa shavu la farasi kwa kidole gumba, akaanza kucheka. "Na umemfungia upande wa mgeni."

Nilitamani ardhi inimeze. Farasi hufungwa kushoto. Mtunzaji husimama kushoto, hupanda kutokea kushoto, kifungo cha hatamu hukaa kushoto. Nalijua hilo, nimewashonea wateja chungu nzima na sijawahi kukosea. Lakini hii sikuishona kwa picha. Niliishona kwa kumbukumbu, na kwenye kumbukumbu yangu mimi ni mtoto mdogo, na Baba amenisimamisha kulia kwa Kahawa, mbali na mikono yake, nisimsumbue kazini. Upande ninaoukumbuka ni huo. Vidole vikaweka kila kitu huko huko.

Baba akaenda nyuma ya mlango, akaishusha hatamu yenyewe, akanikabidhi. "Kata humu," akasema. "Hii ina jasho lake. Mshonee kwa hii." Mama, aliyekuwa anamenya ndizi, akaacha kumenya na kunitazama.

Hicho ndicho kitu kilichoko mezani.

Kama fundi, sina cha kusema. Ngozi mpya ya ng'ombe ni nene na ngumu, ukiikunja kwenye shavu dogo inasimama kama gamba. Hii imetumika mpaka ikalegea, inainama popote unapoitaka. Hakuna duka litakaloniuzia kitu hiki.

Lakini Jumatatu ikienda vibaya, Baba atabaki na mikono. Na mikono hiyo itaamka asubuhi, itakwenda nyuma ya mlango, itakuta hatamu imepungua. Mkanda wa shavu haupo. Nitakuwa nimelipatia jicho lake mchana mmoja, halafu mikono yake nimeinyang'anya miaka yote itakayofuata. Nisipokata, kesho ataona farasi amevaa mbuzi, na huenda hiyo ndiyo picha atakayobaki nayo. Naogopa. Naogopa Jumatatu, lakini Jumatatu siwezi kuishika, ninachoweza kushika ni mkasi.

Nimempigia simu asubuhi, nikijifanya naulizia safari. Watateremka kesho baada ya ibada, yeye na Mama, walale kwangu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umeshamvalisha?"

"Bado kidogo."

"Kata, Nsia. Kahawa hana habari." Akacheka, akauliza kama mvua inaingia ndani, akakata simu. Anadhani namwonea huruma farasi.

Mchana. Nimerudi. Nilikuwa nimeiacha hii nikaenda kufua, kwenye mvua, nguo ambazo hazina pa kukaukia.

Mama Glory amekuja na sahani ya makande. Hakuwa na mteja, na nadhani amechoka kuniona mlangoni. "Wewe leo una nini? Unatoka, unaingia, unatoka. Kaa chini ule." Nikala. Nikamweleza yote, jicho, mikono, mkasi. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akafuta vidole kwenye kanga, akaichukua hatamu na kuipindua kama anavyopindua kichwa cha mteja.

"Si ukate hapa mwishoni? Hapa ni pafupi tayari. Nani atajua?"

Nikaangalia alipoonyesha. Ni upande wa kushoto, ncha ya mkanda unaopita kwenye kifungo. Wiki nzima hatamu hii imekaa mezani kwangu na sikuwahi kuigeuza upande huo, kwa sababu kila nikiigusa nilikuwa naona mkasi. Kwenye hatamu yoyote ncha hiyo hubaki ndefu, inaning'inia. Hii ilikuwa fupi, inafika kwenye kifungo na kuishia hapo. Nikasema ameitafuna Kahawa mwenyewe, farasi wana tabia hiyo.

Nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Haikutafunwa. Imekatwa kwa kisu, mkato mmoja ulionyooka, mkato wa zamani uliokwisha kuwa mweusi, na pembe zake zimesuguliwa nta ili zisichanike. Baba ndiye anayesugua nta hivyo. Mimi nilijifunza kwake.

Nikampigia Mama. Kwanza hakunielewa, nikarudia. Halafu akacheka mpaka akakohoa.

"Humkumbuki ng'ombe wako?"

Nilikuwa na ng'ombe wa mgomba, kipande cha shina kilichochomekwa vijiti vya miguu, na ndama wake walikuwa matunda ya ndulele. Hilo nalikumbuka, kila mtoto kule kwetu alikuwa na zizi la ndulele. Nisilolikumbuka ni kwamba nililia. Wenzangu waliwafunga ng'ombe zao kwa kamba za majani makavu ya mgomba, na mimi nikalia kwamba wangu lazima avae alichovaa Kahawa. Jioni moja Baba akarudi na kipande cha mkanda. Kazini aliwaambia ncha ilikuwa ndefu mno, inampiga farasi shavuni.

"Ng'ombe akaoza," Mama akasema, "ule mkanda ukaung'ang'ania. Ulikwenda nao mpaka bwenini. Si ndio huo ulioufunga kwenye mkasi wako?"

Nikageuka kuangalia ukutani.

Ule mkanda nimeushika kila siku ya kazi tangu nianze kazi. Mtu angeniuliza umetoka wapi ningesema ni mkanda tu, nilikuwa nao. Nikaufungua kwenye mkasi, fundo lilikuwa limekaza, ilibidi nitumie meno. Nikaulaza mezani, nikaisogeza ncha ya hatamu ikagusana nao. Upana ni ule ule. Mshono wa pembeni unatoka kwenye hatamu na kuingia kwenye mkanda wangu bila kuruka hata tundu moja.

Mama Glory alisema "haya" taratibu, akachukua sahani yake, akaenda.

Kwa hiyo cha kukata kilikuwepo. Ngozi ile ile, jasho lile lile, na mikono ya Baba haipotezi chochote. Ungetarajia nifurahi. Nilikaa pale nikiwa na hasira, sijui kwa nani. Mpaka jana mkanda ule haukuwa kitu. Nimeujua leo, na leo hii hii ndiyo siku ya kuupasua. Nililia, siwezi kuficha, nikauficha kwenye droo, nikautoa, nikaurudisha, nikautoa. Nikajiuliza kama Baba alikaa hivi siku ile, na kisu chake, kwenye zizi la watu, akiiangalia hatamu ya farasi aliyempenda. Sidhani. Nadhani alikata tu, akapanda mlima kurudi nyumbani kwa mtoto aliyekuwa analilia ng'ombe wa mgomba.

Nikakata.

Nililowesha mkanda kidogo, nikaulaza juu ya kioo, nikaupunguza unene kwa wembe mpaka ukawa laini wa kukunjika. Nikatoa mikanda midogo ya shavu, ya pua, ya nyuma ya masikio. Vifungo nimevikunja kwa waya wa chaja mbovu. Sehemu ambayo vidole vyangu vilizoea kushika ilikuwa imekolea na kung'aa kuliko kwingine kote. Hiyo nimeiweka shavuni, kushoto, na ncha yake nimeiacha ndefu, inaning'inia, kama ilivyokuwa kabla Baba hajaikata.

Sasa amevaa. Amesimama mezani, na nimemnusa. Hanuki mbuzi.

Bado sijatulia, lakini chai ya sasa nimeinywa. Mkasi nimeufunga uzi wa nailoni, nikinyoosha mkono kuuchukua nashtuka, nadhani nimeshika mkasi wa mtu. Nimesogeza kiti karibu na dirisha, nimefuta kioo ndani na nje kwenye mvua hiyo hiyo, Mama Glory akinitazama kutoka barazani kwake. Hatamu kubwa nimeipaka mafuta na kuiweka juu ya kiti. Kesho Baba akifika nitampakatisha kwanza hiyo, nzima, aipitishe vidole vyake mpaka mwisho. Kisha nitamsogezea Kahawa kwenye jicho, upande wa kushoto. Ngozi imetoka wapi, sitamwambia. Ile ncha ndefu ataijua mwenyewe.

Kwa hiyo mvua ya usiku inyeshe inavyotaka. Kesho mchana naomba jua, hata kidogo, pale dirishani.