Marhamu ya Bafta

Dada Zawadi,

Bafta anaumwa, na sijui nimwambie nani kama si wewe. Tangu tukuzike sijamaliza kushona hata gauni moja. Wateja wakiniuliza uko wapi, nawajibu, "Anakuja." Mdomo wenyewe unasema hivyo.

Paka wako alianza kwa kupiga chafya. Mara macho yakatoa usaha, la kushoto likafumba kabisa. Nikamfunga kwenye kanga, nikampeleka kwa veterineri kule Gikondo. Akasema ni virusi. Vinamtoka paka huyu vikamwingia yule kwa chafya, kwa bakuli, hata kwa mikono yangu. Akaniandikia marhamu ya macho ya kupambana na virusi, iliyotengenezewa watu. "Vidonge vya dawa hii usimupe, mama, vitamuua. Marhamu tu, mara tano kwa siku. Na umutenge. Yule paka mwingine asimukaribie."

Umtenge. Nilimkumbatia Bafta ndani ya kanga.

Maana wewe pia walikutenga, kule hospitalini. Kikohozi kile... Muuguzi alisimama mlangoni akasema ni kwa usalama wetu, nami nikatii. Siku tisa nilikuachia uji mlangoni, ukanipungia mkono dirishani. Siku ya kumi kitanda kitupu. Nilifanya vizuri? Ningeingia kwa nguvu? Najiuliza hadi leo.

Nikamwuliza veterineri, "Na mimi nikikaa naye?"

Akacheka. "Hii ugonjwa iko ya paka, mama. Haiwezi kukushika."

Basi Bafta yuko chumbani kwako, Kipande, yule paka mwingine, yuko dukani analia. Naingia, namfuta macho kwa maji ya uvuguvugu, natia marhamu, nakaa naye mpaka asinzie. Nikitoka nanawa kwa sabuni, nabadili kanga, ndipo namlisha Kipande. Nikilia sijui namlilia paka au wewe. Mara nakukasirikia, ulimzoesha kula mkononi, sasa bakuli hataki. Mara nacheka peke yangu, nakumbuka alivyolala juu ya suti ya bwana harusi, ukamwambia mwenye suti, "Hayo manyoya sikutozi."

Jana jicho lilifunguka. Leo amelamba mchuzi wa vidagaa vya sambaza. Nikarudi kumwuliza veterineri, ni marhamu au kapona mwenyewe? Akasema hajui. Dawa huvipunguzia nguvu tu virusi, vinabaki mwilini, huenda vikarudi. Hata yeye hajui, dada! Nami siku zote nilidhani wenye dawa wanajua.

Pumzika, Zawadi. Mola akupanulie nafasi ulipo. Marhamu ikiisha nitaitafuta mji mzima, hata kama vita hivi vimefunga barabara na famasi zimekauka. Na nakuahidi hili: siku mtu wangu mwingine akitengwa, sitaishia mlangoni. Nitauliza kwanza, "Nivae nini ili niingie?" Kwako sikuuliza. Sikujua kama inaulizwa.

Mwenzio,
Mwajuma