Kengele ya Yule Mwekundu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za hapa nyumbani, nikitumaini wewe, wifi na watoto ni wazima. Mama hajambo, ila goti linamsumbua, nawe unamjua: akiambiwa apumzike ndipo anaanza kufua. Habari za baba nitazifikia, nivumilie.

Tulipouza nusu ya ng'ombe ili bonde lipumzike, mimi ndiye niliyewashawishi watu. Kwa kweli nyasi zimerudi, zinafika kiunoni, na ndege wale wa miguu mirefu wanataga tena chini majanini. Ng'ombe waliobaki wamenenepa, na mshahara wangu wa ulinzi unatuvusha kiangazi. Sharti ni kwamba asiingie mtu wala mnyama mpaka vifaranga waruke. Familia moja ikivunja, wote watarudisha mifugo bondeni.

Halafu kengele ikaanza kulia huko jioni. Kila mtu aliitambua, ni ya yule mwekundu aliyeongoza kundi letu, ambaye mchinjaji alimchukua wa kwanza. Jirani yetu fundi viatu, asiyemwogopa hata mkewe, siku hizi anafunga mlango mapema. Mkuu wa walinzi aliponiuliza, nilimwambia ni upepo unacheza na bati. Hapakuwa na upepo, kaka.

Nilimdanganya, maana nilikuwa nimekwisha kuifuata sauti ile. Ni baba. Ameivaa kengele shingoni, anapita njia ya malisho, anasimama kila mahali ng'ombe walipozoea kunywa maji. Hakushtuka kuniona. Aliniuliza kwa upole, "Wenzako wako wapi?"

Nilimsihi turudi, hakunisikia. Nilipoinamisha kichwa na kumfuata nyuma kimya, ndipo akageukia nyumbani. Alinifungulia zizi, nikaingia, akafunga.

Sasa ni kila jioni. Mama huja kunifungulia. Ndege wameanza kuvikimbia viota vilivyo karibu na njia yake. Siwezi kumkamata baba, na siwezi kuliacha bonde liharibike baada ya mpango huu kumgharimu hivi. Naogopa, kaka. Njoo. Usilete ng'ombe, njoo wewe mwenyewe, tumfuate wawili. Labda akiona kundi limeongezeka atakubali kutuchunga huku nje ya bonde.

Msalimie wifi, wakumbatie watoto kwa niaba yangu. Naishia hapa, kengele imeanza kulia na mimi ndiye ninayesubiriwa.

Mdogo wako,
mlinzi wa bonde