Bata wa Itaka na Shauri la Kustaafu Kwangu

Kaka Amosi,

YAH: KUSTAAFU KWANGU

Utaniwia radhi kwa kuweka kichwa cha habari juu ya barua ya majonzi. Ni wewe uliyenifundisha kwamba barua isiyo na kichwa ni sawa na mgeni anayebisha hodi asitaje jina.

Mimi ni mzima. Meza yetu ya kuandikia watu barua ingali pale barazani, karibu na mpaka, na malori yamejipanga kuelekea Zambia kama ulivyoyaacha. Kiti chako nimekizuia. Naweka mkoba wangu juu yake, na mteja akiuliza, najibu kwamba mwenyewe ametoka kidogo. Sijapata maneno mengine.

Kilichobadilika ni wema wa watu, na wema huo umenitia mashaka. Kijana wa duka la kuchapa nyaraka, ambaye zamani hata salamu hakunipa, sasa ananiletea chai. "Mzee wangu, pumzisha mgongo, hizi barua nitakusaidia." Chai isiyoombwa, Kaka, ina mkono nyuma ya kikombe. Wateja wa ng'ambo ya mpaka wameacha kuniita Elia. Wananiita bashikulu, yaani babu, na kunishika kiwiko nivuke barabara niliyoivuka tangu ilipokuwa ya vumbi. Nao wanangu, kila wapigapo simu, hawaagi bila kusema, "Baba, umefanya kazi ya kutosha." Ni nani aliyewapa sentensi hiyo? Mbona wote wanayo ileile?

Mke wangu, Mama Tumaini, hana mafumbo. Alikwisha kuhamia shambani Igamba, na neno lake ni moja: "Mvua za kwanza zikikukuta Tunduma, shamba la juu nampa mdogo wako alime, na wewe ukae na karatasi zako." Mawingu yameanza kukusanyika. Shauri hili haliahirishiki tena.

Mwajiriwa hustaafishwa na umri wake, akaandikiwa barua. Sisi wa mezani tunaandikiwa na nani? Wewe uliamka siku moja, ukaipangusa meza kwa leso, ukasema, "Elia, mimi basi," ukaenda zako Itaka kwenye kahawa. Nilidhani nimekukosea. Kisha zikaanza simu zako: "Mdogo wangu, huku nalala mpaka jua linigongee dirisha. Njoo, utajuta kuchelewa!" Sikukuamini. Anayeisifia mno nyumba anatafuta mpangaji. Nilijiambia kwamba Amosi amechoka peke yake, sasa anatafuta wa kuchoka naye.

Hujamaliza misimu miwili ya kuchuma, kifua kikakubana, ukafa.

Hapa barazani hukumu ilitolewa kabla matanga hayajaondolewa: "Kukaa bure kumemuua." Nami niliipokea upesi, kwa kuwa ilinipa ruhusa ya kubaki mezani. Siku ya mazishi ilisomwa kwamba marehemu aliyafurahia mapumziko yake. Kaka, nimewaandikia watu wasifu wa marehemu wengi mno kuweza kuiamini sentensi hiyo. Sijapata kuandika juu ya marehemu asiyependa watu.

Wiki iliyopita nilikwenda Itaka kumjulia hali Mama Rehema, mjane wako. Sikwenda kwa huruma pekee; nilikwenda kuchunguza. Alinipokea kwa maharage na viazi, nami nikamwuliza bila kuzunguka iwapo ulikuwa na furaha kweli. "Sana, shemeji," akajibu, akatazama pembeni. Nikashuku. Mjane hamshtaki mumewe mbele ya mgeni. Nikakikagua kiti chako cha kamba: kamba zimelegea katikati. Nayo si hoja, kwani mwenye huzuni naye hukaa.

Ndipo akaja jirani yenu, Mama Salome, akifuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa amesikia kwamba mwandishi wa barua amefika.

"Wewe ndiye mwandishi? Basi andika! Yule mzee wenu alinitesa."

Nikamkumbusha kwamba mshtakiwa yu kaburini.

"Na huko alipo ajue!"

Akaeleza. Ulinunua bata, ukawapa vyeo. Kila asubuhi, watu wangali wanapikicha macho, ulisimama uani na shuka mabegani, ukinadi: "Mheshimiwa, nyuma! Bwana Afisa, karatasi zako ziko wapi? Hapa ni foleni, si harusi!" Kisha ukawapeleka mtoni kwa mstari, ukikatiza katikati ya maharage yake. "Nikimfokea, ananiambia nilete malalamiko kwa maandishi, nakala mbili! Mimi, ambaye hata jina langu naandikiwa! Halafu anacheka, baba. Anacheka mpaka anakaa chini, bata wanamzunguka wakimshangaa."

Kaka, umri wangu wote nimesikiliza malalamiko ya watu, na nimejifunza kwamba sifa hutolewa na yeyote kwa ajili ya adabu, lakini lalamiko lina mwenyewe, na ndani yake mna mambo yaliyoonekana kwa macho. Mama Salome hakuwa na sababu ya kunifariji. Hakujua hata kwamba anatoa ushahidi.

Hata hivyo sikuacha kushuku. Nikamwuliza bata wako wapi sasa. Akababaika. "Wako kwangu. Wangeliwa na mbwa, ningefanyaje?"

Jioni, nikiwa nimekwisha kuaga, nilimsikia nyuma ya ua wa matete akiwaingiza bandani. "Mheshimiwa, nyuma! Hapa ni foleni, si..." Neno la mwisho halikutoka. Akalianza tena, halikutoka. Sikuchungulia. Nilisimama njiani na mkoba wangu, mtu mzima, nami... Basi. Inatosha.

Kwa maelezo hayo, nakuarifu kwamba meza nitaiondoa kabla ya mvua za kwanza. Baraza achukue kijana mwenye chai. Kiti chako hapana. Hicho nakwenda nacho. Mashaka yangu sijayaacha yote. Mama Tumaini, nilipompa habari hii, sauti yake ililainika ghafla mno, na ndani ya ulaini ule nilisikia jembe. Lakini nitakwenda, na nitalala mpaka jua linigongee dirisha, nione kama ulisema kweli au uliongeza chumvi.

Malalamiko ya Mama Salome niliyaandika kwa utaratibu, nakala mbili. Moja anayo mwenyewe. Nyingine iko juu ya kaburi lako, chini ya jiwe. Tafadhali ishughulikie kwa wakati wako. Malipo yangu ni bata wawili, dume na jike, nao bado hawajapata vyeo.

Lala salama, Kaka Amosi. Neno hili nimewaandikia wengi kwa desturi. Wewe nakuandikia kwa kuamini. Nami naahidi mbele yako: kahawa ya Igamba haitaiva kabla majirani hawajanilalamikia.

Mdogo wako wa mezani,

Elia