Panzi Asiye na Rangi Sebuleni

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu Nyenje,

Salamu nyingi kutoka kwa mjomba wako. U hali gani huko kwenye baridi? Koo limepona? Mama yako aliponiambia unakohoa, nilimwambia akuandikie unywe maji ya moto, akanijibu nikuandikie mwenyewe kwa kuwa mimi ndiye mwenye nafasi. Watu hudhani mwalimu akistaafu anapata nafasi. Sisi hatujambo. Goti langu husumbua asubuhi tu, na mkazamjomba wako anasema mkosaji ni wewe, kwa kunitumia ile lenzi ya kamera ya kukuzia wadudu.

Lenzi ni nzima na inafanya kazi kila alfajiri. Saa hizo, kama nilivyokufundisha, mwili wa mdudu bado una baridi ya usiku, hana nguvu ya kuruka. Shida ni kwamba ukimsogelea kiasi hicho, sehemu inayoonekana vizuri huwa nyembamba kama ukucha: jicho likiwa safi, mguu umeshakuwa ukungu. Kwa hiyo lazima uzuie pumzi. Mzee wa umri wangu akilala kifudifudi kwenye majani huku amezuia pumzi, wapita njia huja kumgeuza. Nimeshageuzwa na muuza maziwa, tena kwa upole sana.

Lakini kilicholeta makelele nyumbani si goti. Ni rangi. Unamkumbuka Mzee Giza, jirani mwenye studio, aliyekuwa akisafisha filamu chumbani gizani na kutoka akipepesa macho kama popo? Siku hizi watu wanajipiga picha wenyewe kwa simu, naye ana muda wa kunichapishia picha zangu. Yeye hataki kusikia habari ya rangi. "Mwalimu, rangi ni kelele," huniambia. "Zima kelele ndipo umsikie mdudu." Mkazamjomba wako naye, unajua ameshona nguo maisha yake yote, hujibu kutoka kwenye cherehani bila kuinua kichwa: "Mungu kakaa, kampaka mdudu wa watu rangi zake, nyinyi wawili mnamchujisha!"

Mimi nilisimama katikati nikawaeleza wote wawili, na wote wawili wakaondoka nikiwa bado naeleza. Wewe huwezi kuondoka, kwa hiyo sikiliza. Mbawakawa anayeng'aa kijani na zambarau, ukimtoa rangi unabaki na kokoto. Huyo apigwe kwa rangi, hakuna mjadala. Panzi ni habari nyingine. Rangi yake ni ya kumfichia: kijani ndani ya kijani. Tena jicho letu likiona kijani chenye miguu, hukimbilia kusema "panzi" na kugeukia mambo mengine. Ondoa rangi, linakosa pa kukimbilia. Ndipo unaona paji la uso, mikunjo ya mashavu, na taya la mtu asiyependa mchezo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Dada yako muuguzi, binti yangu, amepata mchumba, fundi wa lifti, kijana mtaratibu anayecheka vichekesho vya dada yako hata vile visivyochekesha. Unajua tumemsubiri sana mtu wa namna hiyo. Jumamosi iliyopita wazazi wa kijana walikuja kwetu kwa mara ya kwanza. Kijana alikuwa ametuonya mapema: mama yake anaogopa wadudu kupita kiasi. Wakati mmoja mende alimpandia kwenye mkono wa gauni akiwa ugenini, akatoka kwa dirisha, na nyumba ile hajaikanyaga tena mpaka leo.

Dada yako alinikalisha chini kama mgonjwa. "Baba, siku hiyo hakuna wadudu. Si ukutani, si mezani, si mdomoni mwako."

Nikatii. Nyuki, mbawakawa na kereng'ende wote wakashuka ukutani na fremu zao, wakahamia chumbani chini ya kitanda. Lakini ukuta ukabaki na ule ufa mkubwa uliokuwa umezibwa na kereng'ende, na mkazamjomba wako akasema afadhali wageni waone mdudu kuliko ufa. Ndipo Mzee Giza akaingia na picha kubwa ya panzi, aliyoichapisha bila rangi. Uso mtupu, vipapasio vimepotelea kwenye weusi wa nyuma. Dada yako akainamisha kichwa huku na huku.

"Hiki ni nini?"

"Mwanga na kivuli," akasema Mzee Giza.

"Haya. Mwanga na kivuli ruhusa."

Tukaitundika juu ya kabati. Fremu ilikuwa nyeusi, maana Mzee Giza amebakiwa na zile tu ambazo watu walizoea kununua kwa ajili ya picha za marehemu wao. Mkazamjomba wako akaweka mbele yake chombo cha maua ya plastiki ili kuficha mwisho wa ufa, na taa ndogo pembeni. Hakuna aliyefikiri zaidi ya ufa.

Wageni wakafika, tukasalimiana, wakakaribishwa. Baba wa kijana alipoinua macho, badala ya kukaa akasimama wima, akavua kofia. "Samahani," akasema kwa sauti ya chini, "sikumwona mzee." Akainama kidogo mbele ya panzi.

Nyenje, nilifungua mdomo. Mkazamjomba wako akanikanyaga mguu.

"Sura ya mtu wa haki," mgeni akaendelea. "Na miwani yake hiyo, na masharubu." Ile miwani ni macho, mwanangu. Masharubu nayo ni vile vidole vidogo vya mdomoni ambavyo panzi huonjea chakula. "Alijaliwa umri mrefu?"

Hapo nikashindwa. Nimefundisha biolojia maisha yangu yote. Nikiulizwa swali, najibu. "Hapana," nikasema. "Wenzake wengi hawamalizi mwaka."

"Baada ya kustaafu?" akauliza kwa huruma.

"Pole sana, baba," akasema mama wa kijana. Akamtazama dada yako, akautazama ukuta, akatabasamu. "Na binti kachukua paji la babu yake lote!"

Kijana akaangalia miguu yake, mabega yanamtetemeka. Dada yako akaweka birika chini. Nilimwona amepauka, na nikajua anachokipima: akinyamaza, mchumba anabaki; akisema, lipo dirisha, tena lilikuwa wazi.

"Mama," akasema, "huyo si babu. Ni panzi. Siwezi kuja kwenu huku nimewaachia uongo umetundikwa ukutani."

Mama wa watu akatazama mlango. Akatazama dirisha, na sote tukamwona akilipima. Kisha akaurudia uso ule wa kijivu, akausogelea hatua ndogondogo, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Panzi?" akasema. "Na heshima yote hii?"

Akamtazama kwa muda mrefu. Nikataka kumweleza habari za taya, nikakanyagwa tena. Mwisho akasema hajawahi kumtazama mdudu usoni, kila mara alikuwa anatazama mlango tu.

Tungeishia hapo kwa amani. Lakini mkazamjomba wako aliona hii ndiyo nafasi yake. Akakimbilia chumbani, akarudi na panzi yuleyule kwa rangi: kijani kibichi, mdomo wa manjano, jicho la hudhurungi. "Sasa mwone alivyo hasa!" Mama wa kijana alipiga ukelele uliosikika kiwandani, akajikuta amesimama juu ya kochi. Kutoka huko juu akatoa hukumu: "Huyo mtoeni! Yule mzee abaki."

Mchumba alicheka mpaka akakaa sakafuni, na dada yako akakaa naye. Arusi ni mwezi wa nane. Mzee Giza amekwishaombwa na mama mkwe apige picha zote bila rangi, na hajatembea polepole tangu apate habari. Mkazamjomba wako anashona gauni la kijani, kwa makusudi.

Jambo moja la mwisho. Walipoaga, tayari wako barazani, baba wa kijana alituomba radhi kidogo akarudi ndani. Alikuwa anajua kila kitu. Hata hivyo alisimama mbele ya kabati, akavua kofia tena, akasema, "Mzee, mjukuu wako tumempenda."

Nisalimie shemeji mwenye kamera kubwa, na yule rafiki yako wa duka la miwani. Huku wanakusalimu mkazamjomba wako, dada yako na fundi wake, na Mzee Giza. Mungu akulinde, akuponye koo, na akupe riziki isiyo na presha.

Wako akupendaye kwa rangi zote, na bila rangi pia,

Mjomba