Bi Biasha Ameuza Miti au Ameuza Udongo?

Mpendwa Mshauri,

"Mwenye cheti cha upimaji hana la kujifunza kwa dalali asiyejua Kiingereza." Hayo ni maneno ya Salumu, ninayesoma naye upimaji Dar es Salaam, nami niliyaamini, na sasa naomba unisaidie kwa sababu yameniingiza pabaya.

Likizo hii nipo Kisarawe namwandikia hati Mzee Pazi, dalali wa mashamba, mtu anayejua mipaka kuanzia Masaki hadi Mkuza bila kufungua ramani, na Ijumaa, yeye akiwa msikitini, alikuja tajiri mmoja wa mjini aliyesikia kwamba kandokando ya barabara ya Morogoro patajaa nyumba, akapatana na mjane mmoja, Bi Biasha, anunue shamba lake, nami kwa haraka ya kuonyesha elimu yangu nikaandika kwa Kiingereza kwamba ameuza ardhi yote, mama akatia dole gumba, tajiri akaondoka na karatasi. Mzee Pazi aliporudi alimuuliza Bi Biasha jambo moja tu.

"Shemeji, umeuza miti au umeuza udongo?"

Bi Biasha akacheka. "Marehemu amelala kwenye udongo huo, nimuuze na yeye? Hata alipokuwa hai hakupenda kuhama. Nimeuza mikorosho."

Mshauri, kwetu ukisema shamba unasema miti, nimelelewa hivyo, ila darasani nilisahau. Nilimfuata tajiri, akaniambia niache mambo yalivyo, naye atanitafutia kazi katika ofisi ya viwanja, kazi ambayo darasa zima linaiota. Mzee Pazi hajui nilichoandika. Nifanyeje?

Twalibu, Kisarawe

*

Twalibu,

Nimesoma sheria za ardhi za nchi tatu na sijakuta humo swali lenye akili kama la Mzee Pazi. Kwa maneno machache amefika mahali ambapo wewe na mnyororo wako wa kupimia hamkufika. Huyo ndiye mwalimu, na Salumu amwombe radhi.

Usiniambie ulisahau. Ulitaka kuonekana msomi, na mjane amelipia. Hata hivyo umeniandikia badala ya kunyamaza, na kwa hilo nakuheshimu.

Kazi ya tajiri iache. Ofisi inayokuajiri kwa hati ya uongo itakuagiza uandike ya pili. Biashara ya viwanja inakuja, sikatai, na wa kushika darubini ya kupimia watapatikana tele. Atakayetafutwa ni yule ambaye akipima, hakuna anayekwenda barazani kulia.

Kesho asubuhi mpe Mzee Pazi shikamoo yake, kisha mwambie ulichoandika bila kupunguza neno. Atakukaripia, vumilia. Nendeni na Bi Biasha kwa jumbe, mwandike hati mpya kwa Kiswahili: mikorosho imeuzwa, udongo na kaburi ni vyake. Isomwe kwa sauti, kisha nakala ifike bomani kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kabla tajiri hajapeleka ya kwake. Ukimaliza rudi shuleni, na kila likizo umbebee Mzee Pazi mkoba.

Nanyi mnaomaliza masomo ya upimaji mwaka huu, Salumu akiwa wa kwanza: kama mmewahi kumfanya mkulima atie dole gumba kwenye karatasi ya lugha asiyoijua, rudini kwake wiki hii, msomeeni karatasi yake kwa Kiswahili neno kwa neno, na akisema sivyo, kaeni hapo hapo chini muiandike upya.