Si Shimo, Ni Chimio

Alhamisi, 4 Septemba

Leo tena watu wa bariyeri wameniita Patron, bosi. Nikacheka na meno tu, nikashika Ndege nyuma, nikasukuma.

Ndege haina mabawa. Ni kinga, baiskeli ya magurudumu tatu ya kaka mukubwa, Ya Fiston, ile anaendesha na mikono kwa sababu miguu yake haitembei tangu utoto. Yeye iko mbele, anashika usukani. Muzigo iko katikati. Mi niko nyuma. Tunavuka bariyeri ndogo ya mupaka na vitu vya wamama, tunaingia Goma, upande wa Kongo, tunarudi. Yeye ni rubani. Mi jina yangu Samweli, lakini kwa bariyeri naitwa Moteri, injini ya Ndege. "Moteri, washa!" Njo salamu yake ya asubuhi.

Sasa hii Patron imetoka wapi? Kwa telefone. Juzi nilikuwa kule hospitali ya milimani, nangojea dawa, Ya Fiston akapiga. Rezo mubaya, sauti inakatika. Akauliza niko wapi. Nikasema niko kwa chimio. Ile neno ni ya Kifaransa, waganga wanaisema shimio. Yeye akasikia shimo.

Shimo! Hapa kwetu kijana akisema iko kwa shimo, basi ameenda Kongo kuchimba madini. Akapiga kelele ndani ya sikio yangu: "Weee! Umepata shimo, sha? Na hauniambie?" Rezo ikakata.

Kurudi, bariyeri yote inajua. Moteri iko na shimo. Moteri anakuwa tajiri.

Nikawaacha waamini. Mi kusema mbele ya watu ni kama kuvua nguo.

Jumamosi, 6 Septemba

Kinywa inauma. Chai iko na ladha ya musumari.

Munganga alisema niandike kila siku mwili inasema nini. Bon. Mwili haisemi mingi. Watu njo wanasema mingi. Leo mutu mumoja wa vitunguu ameniomba nimutafutie kazi kwa shimo yangu. Nikamwambia nitaona. Sasa niko bosi wa mutu.

Naandika hapa juu hapa hakuna mutu: niko na kanseri. Iko kwa shingo, ndani ya tezi. Munganga alisema hii ya kwangu inapona, kama namaliza zile dawa zote za chimio na siruki hata moja. Mama anajua. Ya Fiston hajui.

Naogopa. Kufa, kidogo. Ya Fiston, sana. Akijua moteri imeharibika atatafuta ingine. Na ingine iko pale pale. Eriki, kijana wa mutaa wa Mbugangari kama mi, mikono kama mapaja ya mutu mwingine. Anaegemea ukuta wa bariyeri toka asubuhi, anangojea mutu amuambie asukume. Mi bila ile nafasi nyuma ya Ndege sijui niko nani.

Jumatatu, 8 Septemba

Nywele zimebaki kwa muto. Mama akachukua wembe, akamaliza zote, anaimba wimbo wa kanisa pole pole. Nikajiangalia kwa kioo. Niko kama yai.

Nimevaa kofia ya sufu. Ya Fiston akafurahi: "Angalieni Patron! Wakubwa wa shimo wote wanavaa kofia!"

Mama Zuhura njo hakufurahi. Yeye ni mama wa mayai, Muislamu wa hapa mujini, Kiswahili yake safi mpaka naona haya kumujibu. Akaniangalia toka kofia mpaka viatu.

"Mwanangu, hilo shimo lako halina chakula? Mbona wakonda hivyo?"

Nikasema iko. Akasema, "Kipo, mwanangu. Chakula kipo." Akaondoka. Sijui alikuwa ananirekebisha neno ao nini.

Jumatano, 10 Septemba

Ya Fiston ananitisha. Amesema "tafadhali". Ya Fiston! Mutu mwenye hasemi tafadhali hata kwa polisi. Mbele ya leo: "Moteri, washa!" Leo: "Samweli, kama haujachoka, tafadhali, twende."

Muchana akaninunulia sambaza, samaki ndogo ya ziwa, kwa Solange, binti mwenye anazikaanga pale bariyeri, akanipa ya kwanza, zile kubwa. Solange anacheka. Mi naangalia samaki. Yule binti siwezi kumwangalia kwa macho, sijui juu ya nini. Najua.

Jioni nimewaona. Ya Fiston na Eriki, kwa ukuta, wanasema chini chini. Eriki akaweka mikono nyuma ya Ndege, akajaribu kusukuma. Bila muzigo. Kwenda, kurudi. Kama mutu ananunua.

Nimerudi nyumbani bila kuaga. Niko na kasirani. Niko na huzuni. Basi.

Jumapili, 14 Septemba

Nimelala. Mama iko kanisani. Nimekula viazi, zimekaa tumboni. Vizuri.

Jumatano, 17 Septemba

Nimerudi kutoka milimani. Chimio ya tatu imeingia. Dawa moja ni nyekundu kabisa, kama Fanta ya grenadini, na ukienda kukojoa nayo inatoka nyekundu. Mara ya kwanza nilifikiri ninakufa chooni.

Kwa kiti cha pembeni alikuwa mukecuru mumoja wa kule Kanama, bibi mufupi, naye kichwa wazi chini ya kitambaa. Kila mara tunapanda gari moja. Yeye analima maharagi. Anaangalia dawa yake inashuka tone tone, anagombana nayo kama na mutoto: "Haraka, we! Nimeacha mbuzi inje!" Na mi ananiambia, "Maliza Fanta yako, kijana, tuende." Nimecheka mpaka munganga amekuja kuangalia sindano.

Munganga akasema: wiki hii hakuna kusukuma, hakuna kubeba. Nikasema yego, ndiyo.

Kesho nasukuma. Eriki asinikute nimelala.

Alhamisi, 18 Septemba

Mubaya. Mubaya sana.

Muzigo ilikuwa mayai ya Mama Zuhura, trei juu ya trei, zimefungwa na kamba. Kufika pale njia inapanda kidogo mbele ya waduani, watu wa forodha, miguu ikakataa. Si kuchoka. Kukataa. Nikaona giza. Nikasikia Ya Fiston: "Moteri! Inarudi nyuma! Moteriii!"

Ndege ikarudi pole pole, ikanisukuma kifua, ikanilalisha chini kama mama analalisha mutoto. Halafu ikapinduka. Mayai. Mi ndani ya mayai. Kofia ikaenda yake.

Kichwa inje, bila hata nywele moja, na yai inashuka juu yake. Bariyeri yote ikageuka kuangalia. Ile bariyeri haigeuki hata mvua ya mawe ikinyesha. Ya Fiston alikuwa chini, mikono kwa udongo, anaangalia kichwa yangu. Solange naye alikuwa pale. Alishika kinywa.

Nikaamka, nikakimbia. Nimemuacha mutu mwenye hawezi kutembea chini, katikati ya mayai, nikakimbia.

Ijumaa, 19 Septemba

Telefone nimezima.

Mama anauliza kama ni dawa. Nasema ni dawa.

Harufu ya yai haitoki kwa sikio.

Jumamosi, 20 Septemba

Niko nacheka peke yangu. Niandike vizuri.

Muchana nikasikia kengele ya Ndege kwa njia yetu. Nikajificha nyuma ya pazia. Ya Fiston amekaa mbele, Eriki anasukuma, anapumua. Njo hivyo, nikasema. Amekuja kunionyesha moteri mupya.

Akaanza kelele mbali na mulango.

"Samweli! Toka inje! Leo sikuiti Moteri, nakuita na jina ya kitambulisho! Toka!"

Nikatoka, kichwa wazi. Akanyoosha kidole.

"Ile shimo haurudi! Umesikia? Haurudi! Hewa ya chini imekula nywele zote, itamaliza na ubongo! Wacha madini, we mujinga!"

Mama akatokea na ufagio mukononi. "Shimo gani, Fiston?"

"Yenye anachimba, Mama!"

"Huyu? Huyu hajachimba hata kiazi." Akaniangalia. Mi nikaangalia vidole vya miguu. Mama akaelewa nimefanya nini. "Si shimo, Fiston. Ni chimio. Mutoto iko na kanseri, wanamutundika dawa."

Eriki akatoa mikono kwa Ndege kama imemuchoma. Ya Fiston akahesabu ile neno na vidole.

"Chi-mi-o," akasema.

"Yego," mi nikasema.

"Mana yangu, Mungu wangu! Chimio!"

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika usukani asianguke. Mama akacheka. Hata mi. Kisha kicheko yake ikaisha, machozi ikaendelea. Akasema ni moshi ya jiko ya Mama. Jiko ilikuwa haijawaka.

Akapanguza uso na kofia yangu ya sufu, kumbe aliiokota kule, akanirudishia. Akasema: "Mi nilikuwa nasema tafadhali juu nilijua unaenda. Mutu wa shimo hasukumi kinga ya mulemavu. Nikaita Eriki, nikamuambia jifunze, huyu mukubwa ataniacha njiani."

Na mi nikasema. Kwa sauti, mbele ya watu tatu. Nikasema: "Mi niliogopa ni we utaniacha. Nilikuona kwa ukuta."

Eriki akakohoa: "Bon, na mi niliogopa hakuna mutu atanichukua." Mama akamupiga kidogo na ufagio kwa mugongo, wote tukacheka tena.

Ya Fiston alikuwa na kitu ndani ya gazeti. Chapati na mayai ya kukaanga, zimepoa. Kumbe mayai yenye kupasuka Mama Zuhura hakuyatupa. Akaleta sufuria pale pale kwa njia, akakaanga, bariyeri yote wakakula, mpaka waduani. Yangu akaiweka pembeni. "Anasema uanguke kila mwezi," Ya Fiston akasema. "Yai imepotea moja tu, ile ya kichwa yako."

Nimekula yote. Haina ladha ya musumari.

Wakati ya kwenda akageuka. "Lakini shida iko moja. Nilishaambia baba ya Solange kwamba Moteri yangu iko na shimo. Nilikuwa nakuombea muke, sha!"

Nataka ardhi inimeze. Lakini nacheka.

Jumanne, 23 Septemba

Nimerudi kazini. Ya Fiston amepanga kila kitu bila kuniuliza. Eriki anasukuma. Mi nakaa juu ya muzigo, naangalia nyuma.

"Moteri iko garaji," akatangazia watu. "Mpaka itoke garaji, huyu ni retoroviseri!"

Ni ile kioo ya gari ya kuangalia nyuma. Kwanza niliona haya. Mutu muzima kukaa juu ya vitunguu. Lakini ni kazi ya kweli. Pale kwenye msongamano wako wenye wanatoboa gunia kwa nyuma na kisu kidogo, wanakinga mufuko, na rubani hawezi kuona. Mi naona. Kuangalia watu bila kusema, hiyo nimefanya maisha yote. Leo nimeona mumoja anakuja na mufuko yake. Nikamuangalia tu. Akaenda.

Muduani mumoja akatusimamisha. "Huyu ni mutu ao muzigo?"

Ya Fiston: "Ni muzigo wa kupasuka, chef. Mutupitishe pole pole."

Tukapita. Mama Zuhura alikuwa anapita na mwavuli yake, akasimama.

"Leo umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Na huko hospitali, chakula kipo?"

"Kipo."

"Ahaa," akasema.

Alhamisi, 25 Septemba

Solange ameniuliza kama ni kweli sina shimo. Nikasema sina. Akasema afazali, wachimbaji wanajisifu sana. Akaongeza sambaza kwa gazeti yangu. Nimemwangalia kwa macho. Kidogo. Ni ya kahawia.

Jumatatu, 29 Septemba

Asubuhi. Ziwa imetulia, upande wa Goma iko ukungu.

Kesho ni chimio. Leo natangulia, nalala kule. Mama amefunga viazi na mayai ya kuchemsha. Mayai ya Mama Zuhura. Kofia niko nayo, milimani iko baridi. Pembeni nimemuwekea mukecuru wa Kanama muchuzi wa sambaza, aone kitu kinaitwa chakula. Atapanda kwa njia, nitamushikia kiti.

Naogopa tena, lakini si kama mbele. Mbele niliogopa peke yangu.

Nafasi yangu nyuma ya Ndege, Eriki ameshika. Ameandika jina yangu pale kwa chuma, na chaki: MOTERI. Mvua ikifuta anaandika tena. Nimemuona, yeye hajui nimemuona.

Niache hapa. Kengele iko kwa mulango. Wamekuja kunipeleka na Ndege mpaka gare, kituo cha magari, na rubani anapiga kelele njia yote isikie: gari ya milimani haingojei mutu, na moteri lazima ifike garaji.